Mikono Miwili ya Kushoto

9 Februari

Mwanangu amepewa wodi! Wodi nzima ya malale, mdogo wangu Sindano, na vitanda vyake, wauguzi wake, maabara yake na funguo zake, yote chini yake. Mlangoni wamebandika kibao chenye cheo chake. Nimekigusa kwa mkono wangu huu mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia, "Nipotee vipi, na mwenye mlango nimemzaa mimi?"

Haya, sasa ndiyo nikusalimu, maana mkono ulikuwa unaniwasha. Mdogo wangu, hujambo? Shemeji hajambo na malindo yake ya usiku? Sisi huku ni wazima. Jikoni shuleni wenzangu wamenichoka. Nikifungua mdomo wanasema, "Daktari tena?" Nawajibu, tena na tena, na sufuria ikiungua iungue.

Simu yako nimepiga mpaka kidole kikakataa. Haishikwi. Basi nimerudi kwenye kalamu kama baba alivyotuzoesha, na barua anakuletea Saruji, yule dereva wa lori la saruji anayepita mtaani kwenu. Anasifika kwa domo, lakini bahasha hafungui.

Nilikuwepo siku Daktari alipozungumza na wafanyakazi wake mara ya kwanza. Nilikaa nyuma kabisa, na mkoba wangu mpya. Akawaambia, "Msimsubiri mwindaji na mchunga ng'ombe waje wakisinzia mlangoni. Hao tumewatibu, wamepungua. Mgonjwa wa siku hizi ni mtu mzima anayekaa mjini. Amekwisha tibiwa malaria, akatibiwa presha, akaambiwa ana msongo wa mawazo, na kwao wanamwita mvivu au mwehu. Mdudu wa malale, huu ugonjwa wa usingizi, anaweza kukaa mwilini miaka na miaka kimya. Wagonjwa ni wachache sasa, na kwa sababu ni wachache hatuwaoni." Sikushika yote, lakini kila alipotua walikuwa wanaandika. Nikapiga makofi kabla hajamaliza, akanitolea macho.

Sherehe ni tarehe 12 Aprili, nyumbani kwangu. Nakutumia kitambaa cha buluu iliyokolea, usiniulize nilivyokipata. Nishonee gauni la mikono mirefu, kola ya kusimama. Vipimo unavijua kuliko ninavyojijua mwenyewe. Nataka nikiingia watu wakae chini.

Dada yako,
mama wa mwenye wodi


2 Machi

Dada Tarumbeta,

Salamu zako nimezipata. Sisi tupo. Shemeji yako yupo, mguu unamsumbua. Hongera kwa mtoto. Kitambaa nimekipokea, kizuri.

Umesema simu haishikwi. Simu inanipigia kelele kichwani, nimeifungia kabatini. Kichwa kinauma siku hizi, ni hali ya hewa tu, wala usianze kupiga mbiu. Kazi ni nyingi. Hapana, kazi si nyingi, wateja wamepungua, sijui wamehamia wapi. Mmoja alinirudishia suruali akasema nimeshona mfuko ndani ya mfuko. Nikamwambia aende kwa fundi anayejua zaidi yangu, akaenda kweli.

Nitumie vipimo vyako vya bega na kifua.

Na mtoto je? Bado anasoma udaktari, au amemaliza? Mwambie asome kwa bidii.

Sindano


16 Machi

Bado anasoma? BADO ANASOMA? Nimekuandikia ukurasa mzima kuhusu wodi, wewe unaniuliza kama mtoto amemaliza shule! Nilisoma mstari huo jikoni mbele ya wenzangu, kwa sauti, maana nilitegemea hongera ndefu. Mpishi wa chai akajifanya anakohoa.

Hujambo lakini. Shemeji mpe pole ya mguu.

Unaniomba vipimo, wewe uliyenishonea tangu sina kiuno mpaka nimepata viwili? Ulikuwa ukinitazama nikipita dirishani unakata nguo bila futi. Nakutumia, viko chini hapo, usije ukasema nimekuficha. Lakini najua maana yake, Sindano. Unataka nijue kuwa mimi ni mteja tu.

Na Saruji ameniambia. Alipokuletea kitambaa alikukuta umelala juu ya cherehani mchana kweupe, shavu limelalia gurudumu. Akakuita, ukafungua macho ukamtazama, ukayafunga tena. "Alinitazama kama ukuta, mama," aliniambia. Mimi nikamwambia ndivyo ulivyo, hata utotoni ukichukia jambo ulikuwa unajilaza kusudi ili usitumwe. Haya, lala. Ukiamka, gauni ni la tarehe 12 Aprili.

Juzi kwa jirani mtu mmoja wa kujifanya mjuzi aliuliza mbele za watu, "Huyo Daktari kwa nini kachagua malale? Kwani kwenu yalikuwepo?" Nikamjibu kwetu hayajawahi kuingia, ni ugonjwa wa watu wa porini, mwanangu anawasaidia tu. Kuna watu lazima uwafunge midomo mapema.

Bega, kifua, kiuno, urefu: nimepima mara mbili.

Dada yako


7 Aprili

Dada,

Gauni hilo, amelibeba Saruji. Limekwisha.

Umesema kwetu malale hayajawahi kuingia. Na kaka? Kaka yetu mrina asali alikuwa nani, mpangaji? Ulimshika mkono wewe, nami nikamshika miguu, wakati ile dawa ya zamani inamwingia kwenye mshipa kama moto. Alikuwa anapiga kelele mpaka wagonjwa wengine wakahamishwa. Hakufa na malale, dada. Alikufa na dawa. Leo kwa ajili ya kibao cha mlangoni umemfuta.

Shemeji yako anasema usiku natembea ndani ya nyumba kuliko yeye anavyotembea lindoni. Namwambia anaota. Sherehe sitakuja. Nina kazi.

Sindano


13 Aprili

Kama ni wivu, sema ni wivu!

Sikusalimu. Barua hii haina salamu.

Gauni lilifika juzi jioni. Sikulijaribu, kwa sababu nilikuamini. Jana, watu wamejaa mpaka barazani, nimekwisha oga, nalivaa, mkono wa kulia haugeuki. Nauvuta, hauendi. Nikadhani nimenenepa. Mpishi wa chai akanisogelea, akalitazama bega, akasema taratibu, "Mama Daktari, hii ni mikono miwili ya kushoto."

Miwili ya kushoto! Umekata mkono mmoja, hukugeuza kitambaa, ukakata wa pili uleule, ukauchomeka bega la kulia kwa nguvu. Mwanafunzi wa cherehani wa wiki ya kwanza hafanyi hivyo. Na ubavuni mshono umetangatanga mpaka nje ya kitambaa kama njia ya mlevi. Wewe, fundi ambaye mabibi harusi walikuwa wanakupangia foleni!

Nikatoka na gauni langu la kila siku, lile la maua. Wageni walisimama wakanishangilia, nami natabasamu kwa nguvu. Daktari aliniuliza, "Mama, gauni liko wapi?" Nikamwambia halijafika. Nimemdanganya mtoto siku yake kwa ajili yako.

Hilo la kaka nalo hukuliandika kwa uchungu wa kaka. Ulitaka niingie kwenye sherehe yangu nikiwa na jiwe moyoni. Umefanikiwa.

Nimelitundika nyuma ya mlango wa chumbani ili kila nikilala nikumbuke. Usiniandikie mpaka utakapojua la kusema.


2 Juni

Dada yangu Tarumbeta,

Hujambo? Daktari hajambo? Mimi sijambo. Nimekaa muda bila kuandika kwa sababu ulinikataza. Leo nimeamka kichwa kikiwa chepesi nikasema niandike kabla jua halijapanda.

Sikushona mikono miwili ya kushoto. Nimelifikiria jambo hili kila siku. Najua kugeuza kitambaa, najua tangu mguu haufiki kwenye kanyagio. Siwezi kukufanyia hivyo hata tukigombana. Kama ilikuwa miwili ya kushoto basi kuna mtu aliingia akabadilisha, na ninamshuku mke wa mwenye nyumba, maana ananichungulia, na yule wa suruali naye

Dada yangu Tarumbeta, hujambo? Daktari hajambo? Mimi sijambo. Nimekaa muda bila kuandi

*Shemeji, ni mimi, mumewe. Hapa amelala, kalamu bado iko mkononi. Nimeichomoa polepole nikaona nimalizie.*

*Mimi si mwandishi, utanisamehe. Mdogo wako haumwi wivu. Mchana analala hata kijiko kikiwa mdomoni. Nikirudi lindoni alfajiri nakuta hajalala kabisa, amepanga viti vyote mlangoni. Amekonda. Ana hasira ambazo sikumuoa nazo. Wateja wamechukua vitambaa vyao vyote. Zahanati walimtibu malaria, wakapima sukari, mwisho wakasema ni mishipa ya fahamu na umri. Walimuuliza kama anawinda, kama anachunga, kama anakata kuni. Akacheka, akasema, "Mimi ni fundi cherehani, baba." Wakafunga daftari.*

*Ndugu zangu wamekaa kikao. Wanasema ni wazimu, na mwisho wa mwezi huu wanampeleka kwenye nyumba moja ya maombi, mbali, ambako watu kama yeye wanafungiwa. Nimekataa, lakini mimi ni mmoja na wao ni wengi. Shemeji, niambie la kufanya.*


8 Juni

Shemeji, asipelekwe! Asipelekwe popote! Saruji nimemsimamisha hapa uani, lori linanguruma na mwenye mzigo wake anapiga simu kwa matusi. Nimemwambia haondoki bila barua hii.

Hamjambo nyote. Sindano, ukiamka usomewe na hii, kila neno.

Barua yenu ilipofika sikuielewa. Nililia tu, nikaenda kujilaza. Daktari akaja, kama afanyavyo Jumapili. Akaingia chumbani kunitafuta, akageuka kufunga mlango, na gauni likawa mbele ya uso wake.

"Mama, hili ndilo lile ambalo halikufika?"

Nikajifunika shuka.

"Nani kalishona?"

"Nani mwingine? Mama yako mdogo. Alinifanyia makusudi, miwili ya kushoto."

Akalishusha, akaenda nalo dirishani, akaketi chini kama mtoto. Akaanza kufuata mshono wa ubavu kwa kidole. Akasema, "Tazama hapa. Unakwenda vizuri, umenyooka kama mstari. Hapa unateleza nje. Halafu anashtuka, anaurudisha. Unanyooka. Unateleza tena." Nikamwambia ndiyo, dharau. Akasema, "Mama, mtu mwenye dharau anakosea mara moja. Huyu alikuwa anasinzia na mguu umo kwenye kanyagio. Mama mdogo ana nini?"

Nikampa barua yenu. Aliisoma amesimama. Nikamwona anabadilika, shemeji, akawa si mtoto wangu tena, akawa yule wa kibao cha mlangoni. Akaniuliza kama Sindano aliwahi kukaa karibu na mto wenye kichaka. Nikasema hapana, huyo ni mtu wa mjini, mvua tu inamkera. Akauliza tena. Nikasema hapana, labda ile misimu miwili aliyokaa kwa wifi, mjane wa kaka, lakini huko hakuingia porini hata siku moja, alikaa barazani anashona na mafundi wenzake watatu.

"Wanashona nini?"

"Sare za shule. Za buluu. Baadaye na ile mitego ya kitambaa."

"Mitego gani?"

"Si ile ya mbung'o, ya mradi wenu! Ya buluu na nyeusi, ile ya kutundika mtoni."

Akakaa kitandani. Akasema, "Mama, unajua kwa nini mitego inashonwa ya buluu? Kwa sababu mbung'o, yule inzi anayeleta malale, anaifuata buluu popote anapoiona. Na mama mdogo alikaa kando ya mto misimu miwili, marobota ya buluu yamemzunguka hadi magotini." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na sisi tunauliza kama mtu anawinda."

Kwa hiyo ujue, shemeji, habari ya kitambaa imetoka kwangu mimi. Yeye kasoma, lakini la buluu nimelisema mimi, mpishi.

Daktari anasema hawezi kuapa mpaka apime damu. Mshike shingo kwa nyuma, chini ya nywele, uone kama kuna vivimbe vidogo vinavyoteleza. Umlete wiki hii. Wiki hii, si mwisho wa mwezi. Kama ugonjwa haujakolea mno kichwani, tiba ni vidonge, vya kumeza, pamoja na chakula.

Sindano wangu. Gauni bado liko nyuma ya mlango. Njoo.


14 Juni

Dada,

Nimesomewa, kisha nikajisomea mwenyewe asubuhi. Hujambo.

Vivimbe vipo. Shemeji yako ameshika, nami nimeshika. Siji.

Usinikatize, najua unavyosoma barua huku unajibu. Mkifika kwenye wodi yenu mtanilaza kwa ubavu, mtanikunja kama kamba, mtanitia sindano kwenye uti wa mgongo. Kaka alitiwa. Halafu inakuja dawa. Mnasema vidonge. Kwa kaka nao walisema ni dawa nzuri, imetoka mbali, na daktari wake alikuwa na koti jeupe kama la mtoto wako. Mimi ndiye niliyeshika miguu, dada. Wewe ulitazama uso wake, mimi nilihisi ilipokoma kutetema.

Bora niitwe mwehu nikiwa kwangu. Wakinipeleka kwenye maombi, huko angalau hakuna mshipa wa kuunguza.

Na wewe utawaambia nini majirani? Ulisema kwenu hayapo. Mwenye wodi amlaze mama yake mdogo kwenye kitanda chake mwenyewe, na mpishi wa chai aje kumtazama? Kaa na kibao chako. Mimi nitalala.

Sindano, ndiyo, anaogopa sindano. Cheka basi.


17 Juni

Nimecheka. Kisha nikavaa viatu.

Hujambo mdogo wangu. Sikiliza, leo nitasema machache, na ujue mimi nikisema machache basi ni jambo zito.

Kwanza, majirani. Jana wakati wa chakula nilisimama jikoni, mwiko mkononi, nikawaambia wote: kaka yangu alikufa kwa malale, na mdogo wangu anaumwa malale, na mwanangu ndiye atakayemtibu, mwenye swali aulize sasa kabla wali haujaungua. Hakuna aliyeuliza. Mpishi wa chai alinifuata nje, akaniambia ana mjomba anayelala kwenye mazungumzo, wamemwita mlevi na hajawahi kuonja. Nikamwambia amlete. Kwa hiyo ukiwa na hofu ya kuniaibisha, umechelewa, nimekwisha jiaibisha mwenyewe, na kwa sauti kubwa, kama unavyonijua.

Pili, sindano. Nilimwuliza Daktari, "Hiyo ya mgongo inauma kiasi gani?" Akasema inategemea mtu. Nikamwambia mimi nilikwenda kwa wifi mara kadhaa misimu ile, nami nilishika buluu ile, nipimeni. Wakanitoboa kidole, damu ikaonyesha kwenye kipimo mstari hafifu, wa mashaka. Wakanitafuta shingoni, wakatazama damu kwenye darubini, hawakuona mdudu. Walisema inatosha, niende nyumbani, nirudi nipimwe tena. Nikasema hapana, nitieni na ya mgongo, nina mdogo wangu ananisubiri nimwambie. Daktari alikasirika. Akasema, "Mama, sindano ya mgongo haitiwi kwa ajili ya kusimulia!" Akanifukuza wodini mbele ya wauguzi. Basi hiyo sikuweza kukuonjea. Nilijaribu, wallahi.

Tatu, kaka. Hili nalisema taratibu. Dawa ile haipo tena kwenye kabati la mwanangu kwa wagonjwa kama wewe. Nilimwambia anifungulie nione kwa macho yangu, chupa moja moja, akanifungulia. Anajua ilivyomuua mjomba wake. Nilimsimulia alipokuwa mdogo, mara moja tu, na sikurudia tena. Hakuchagua malale kwa sababu ya watu wa porini. Nilikuwa najua nilipomjibu yule mjuzi wa kwa jirani.

Unaandika kuwa mimi nilitazama uso nawe ulishika miguu. Safari hii mimi nitashika miguu.

Sisubiri jibu. Nimeomba ruhusa shuleni. Barua hii inatangulia na dereva mwenzake Saruji; yeye ananipakia keshokutwa, mbele, pamoja naye. Nguo zangu zitakuwa nyeupe kwa vumbi, usinicheke. Shemeji, waambie ndugu zako dada mkubwa anakuja, na kwamba anaitwa Tarumbeta kwa sababu.


10 Agosti

Dada Tarumbeta,

Hujambo. Mwenye wodi hajambo? Mpe salamu za mgonjwa wake mkaidi.

Nimefika nyumbani salama. Saruji alinisimulia njia nzima maisha yake, na ukitaka kujua kama nimepona, basi sikusinzia hata pale alipofikia habari za mke wa pili.

Mambo ya wodini sikukuambia pale, kwa sababu ulikuwa unaongea wewe. Ile sindano ya mgongo iliniuma kidogo kuliko nilivyoihofia tangu kaka afe. Ulishika miguu yangu kwa nguvu mpaka kucha zako zimeacha alama, na hizo ndizo zilizoniuma. Vidonge navyo, kila siku nilikuwa nataka kuvitapika, na kila siku ulikaa mbele yangu na kijiko unasema, "Meza, wewe ni shangazi wa cheo." Mimi ni mama mdogo, dada, si shangazi. Wauguzi walikuwa wanacheka mpaka wanatoka nje.

Daktari alikuwa anafungua mdomo wangu kutazama chini ya ulimi kama nimemeza kweli. Nikamwambia, "Mimi nilikushonea nepi wewe." Akasema, "Najua. Fungua."

Sasa nalala usiku. Shemeji yako akirudi alfajiri hukuta viti viko mahali pake. Juzi alisimama akivitazama, kisha akaenda kuchemsha maji.

Wa suruali amerudi. Amenipa suruali ileile, na mfuko ndani ya mfuko. Niliushika, nikautazama, na nikaona aibu, kisha nikacheka. Mkono ule ulikuwa wangu, mimi sikuwemo.

Nitumie gauni. Mkono wa kulia nitaukata upya. Kipande cha kitambaa nilibakiza, kiko hapa, na safari hii nimekigeuza.

Lakini kuna jambo moja silali vizuri nalo. Wale mafundi wenzangu watatu wa barazani kwa wifi. Mmoja yuko hapa mtaani, anauza nguo kuukuu, nimempita jana. Nilimwita, alichelewa kugeuka.

Sindano


31 Agosti

Atapimwa! Umesikia? Yule muuza nguo kuukuu atapimwa, nao wawili wengine wamepatikana, na gari limekubaliwa!

Hujambo mdogo wangu, shemeji hajambo. Sisi ni wazima. Mjomba wa mpishi wa chai yumo wodini, kitanda kilekile ulichokuwa wewe, na anaapa akipona ataonja hiyo pombe aliyosingiziwa, ili wasiwe wamesema bure.

Barua yako nilimpelekea Daktari kazini. Alisoma ule mwisho kuhusu aliyechelewa kugeuka, akainuka bila kumaliza chai. Ameniambia nikueleze hivi, nami naandika kama alivyosema, sitii chumvi. Wewe hujamaliza. Utapimwa tena, na tena, miezi mingi ijayo, mpaka aridhike. Mimi pia nitapimwa tena, ule mstari wangu wa mashaka hajausahau. Na kwenye maswali wanayomuuliza kila mgonjwa mpya, baada ya kuwinda na kuchunga na kuni, ameongeza moja: "Umewahi kufanya kazi yoyote kando ya mto, hata ya kukaa?" Muuguzi mmoja akauliza kazi gani ya kukaa. Akamjibu, "Kama ya mama yangu mdogo." Nilikuwa mlangoni. Sikupiga makofi. Nilijizuia, nikayapiga nilipofika nje.

Sasa gauni. Silitumi, usikate kitu. Mpishi wa chai amenifungulia kwapa kidogo, linaingia. Mkono wa kulia unanivuta nyuma, nikitembea naonekana kama mtu anayeitwa na mwenzake. Nitalivaa hivyohivyo, na mwenye kuuliza nitamwambia yote, kuanzia kaka. Sherehe ya kwanza niliifanya kwangu, ikawa ya kibao. Hii nataka iwe kwako, kwenye baraza yako, mbele ya cherehani.

Daktari atakuja na gari la maabara, wauguzi wawili na darubini. Ataegesha mtaani kwenu, karibu na duka lako, ili watu wasiseme ni mbali. Mwambie huyo anayeuza nguo kuukuu, mshike mkono mwenyewe. Wawili waliobaki, wifi ameahidi kuja nao. Waambie na mafundi wote waliowahi kushona sare zile, na wateja wako, na wa suruali, na mke wa mwenye nyumba uliyemshuku bure. Shemeji awalete ndugu zake waliokaa kikao, nao watoe vidole. Saruji atabeba viti. Mimi nitapika.

Usiseme "nitaona". Nyote mnatarajiwa, mkiwa mmeamka, asubuhi na mapema, Jumamosi tarehe 20 Septemba.